Wakuu wa Mwanza: Dubai, Toronto au Ujerumani, nihamie wapi na familia?

#1 Mkaguzi wa Minofu

Wakuu, mwadila. Jambo hili ninalo kifuani tangu Pasaka, leo nimeona nilimwage jamvini.

Nina miaka 34, mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Nina stashahada ya mambo ya samaki, nilisoma Nyegezi. Mwaka wa tisa huu niko kitengo cha ubora kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa mjini. Sangara wamepungua, wakuu. Siku nyingine samaki wanaoingia hawafikishi hata nusu zamu, saa nne asubuhi tunaambiwa tukapumzike, na siku hiyo hailipwi. Mke wangu ni muuguzi, ana kazi.

Akiba yetu ni milioni 14. Tuna kiwanja Buhongwa, boma limefika kwenye linta na limesimama hapo mwaka wa tatu, kuku wa jirani wanatagia ndani.

Miji niliyoifikiria:

Dubai, kuna rafiki yangu aliyeniambia hata kesho niende.

Toronto, shemeji yangu yuko huko.

Ujerumani, nimesoma kuhusu kitu kinaitwa Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafuta kazi ukiwa huko huko. Mji sijui, nimesikia Munich kuna hela.

Nikiuza kiwanja nauli si tatizo. Nataka mtu aniambie mji upi. Naomba kuwasilisha.

#2 Ng'wana Igoma

Umesahau mji wa nne: Nansio, kisiwani Ukerewe. Viza hakuna, ni nauli ya meli tu.

Utani mkuu. Nimeweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

#3 Fundi wa Deira

Mkuu, mimi mtoto wa Mabatini, mwaka wa saba niko Dubai, nafungasha mizigo ya wafanyabiashara wetu pale Deira. Nikueleze nilivyopita.

Mshahara haukatwi kodi ya mapato, hilo ni kweli. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola moja miaka nenda rudi. Ukimaliza kazi kuna kiinua mgongo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, baada ya hapo siku 30. Ukisoma haraka unaona raha. Sasa rudi kwenye neno "msingi". Mwajiri wangu wa kwanza aliniandikia jumla dirham 2,200, nikasaini nikicheka. Ndani yake msingi ulikuwa 800, na 1,400 zilizobaki ni posho. Nilipoondoka baada ya miaka minne, hesabu ilipigwa kwenye ile 800. Nikapewa 2,240. Miaka minne, mkuu! Nilikaa ngazini na kikokotoo cha simu nikirudia ile hesabu kama vile itabadilika.

Chumba nilichoanzia kilikuwa na vitanda vinne vya ghorofa, watu wanane, ratiba ya bafu imebandikwa mlangoni. Zamu yangu ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Ukichelewa dakika tano, aliyekufuata anaingia na wewe unakwenda kazini na sabuni masikioni.

Familia: ili umlete mke na watoto lazima uwe na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya mwajiri. Watoto wa wageni karibu wote wanasoma shule za binafsi, na ada yake si ya mtu wa mshahara wangu. Wangu wako kwa bibi yao, mkubwa nimemwacha akiwa na miaka miwili, sasa ananiita "baba wa kwenye simu".

Dubai ni mji wa kuchuma ukiwa peke yako. Na huyo rafiki anayekwambia kesho, muulize ni viza gani. Kama ni ya kutembelea, ukifika utatafuta kazi huku siku zinahesabika, na mwajiri akijua hivyo anakupangia bei anayotaka.

#4 Mkaguzi wa Minofu

Dah. Ahsante mkuu. Nilikuwa nafikiria niende kwanza halafu wafuate. Kwa hesabu hiyo watanifuata lini?

Vipi Toronto?

#5 Bhoke wa Magu

Toronto weka pembeni kwa sasa. Kodi ya nyumba pale inawatoa machozi hata waliozaliwa huko, na Kanada yenyewe imepunguza watu inaowapa ukaazi wa kudumu, kwa mwaka 2025 walishusha lengo kutoka 500,000 hadi 395,000. Wanapanga waombaji kwa pointi: umri, elimu, Kiingereza, uzoefu. Stashahada moja na miaka 34 si mbaya, lakini foleni ina watu wenye shahada mbili. Shemeji yako aliingia mwaka gani? Mlango aliopitia yeye huenda umeshatiwa kufuli.

Na asikudanganye mtu na Uingereza kulea wazee. Ule mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Kuna watu bado wanauza fomu zake hapa mjini.

#6 Dada wa Kayenze

Kaka Mkaguzi, shikamoo kwanza kama umenizidi umri, kama sivyo nirudishie. Niulize swali moja. Uzi mzima umejieleza wewe: stashahada yako, kiwanda chako, sangara wako. Mkeo umempa sentensi moja, "ni muuguzi, ana kazi", ukapita. Kaka, mwenye tiketi ndani ya nyumba hiyo ni yeye.

Mimi ni muuguzi, nilisomea hapo hapo Mwanza, niko Bavaria mwaka wa tano. Nianze na hiyo Chancenkarte yako. Ipo tangu Juni 2024. Unatakiwa uwe na elimu ya ufundi ya miaka miwili au zaidi inayotambuliwa na serikali ya kwenu, Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, ngazi ya nne kati ya sita, kisha ufikishe pointi 6. Hapo unaweza kufika. Tatizo ni fedha ya kuonyesha kwamba utajikimu mwaka mzima: kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi. Zidisha kwa 12. Hiyo ni zaidi ya milioni 35 za kwetu, zikae kwenye akaunti iliyofungwa, na unaruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati unatafuta ya kudumu. Una 14. Ukiuza kiwanja utafikisha, halafu usipopata kazi ndani ya mwaka unarudi Buhongwa huna hata pa kutagia kuku.

Njia ya mkeo ni nyingine. Cheti chake kinatafsiriwa na kupelekwa kulinganishwa na cha huku. Mara nyingi majibu yanasema kuna upungufu, asilie, karibu wote tunaandikiwa hivyo. Anachagua kufanya mtihani wa maarifa, au kufanya kipindi cha kujazia hospitalini, na wakati huo analipwa kama msaidizi. Akiwa na mkataba wenye mshahara wa kutosha, habari ya akaunti iliyofungwa haimhusu. Bei yake ni lugha. Leseni kamili inataka B2, na B2 hailetwi na maombi ya usiku. Mimi ilinichukua miezi kumi na minne, nikiwa zamu za usiku, vitenzi nimeviandika kwenye plasta na kuvibandika ndani ya kabati la dawa. Wewe ukija kama mume wake unaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila saa za kuhesabiwa.

Sasa mji, maana ndilo swali lako. Achana na Munich. Hospitali nyingi za umma zinalipa wauguzi kwa jedwali moja la nchi nzima. Muuguzi wa Munich na wa Leipzig, kama wote wako kwenye jedwali hilo, wanapata karibu sawasawa, ila mwenye nyumba wa Munich hana habari na jedwali. Kwa hiyo usitafute penye mshahara mkubwa, mshahara ni huo huo. Tafuta penye kodi ya nyumba inayokuachia kitu: Leipzig, Halle, Kassel, Chemnitz. Au Würzburg, na hapa nina upendeleo nakiri. Würzburg na Mwanza ni miji ndugu tangu 1966. Si mji mkubwa, una watu kama 130,000, mto Main unapita katikati na mashamba ya zabibu yamepanda vilima kama nyumba za Mabatini zilivyopanda mawe. Nyumba ni za kugombania kwa sababu ya wanafunzi, sikufichi. Lakini ni mji ambao ukisema "natoka Mwanza" unaweza kukutana na mtu akakuuliza "Bugando hawajambo?", ile hospitali yetu. Mimi yalinikuta kwenye kituo cha basi, kwa bibi mmoja wa miaka themanini. Nilikaa nikalia, basi likapita.

Baridi utaizoea, giza ndilo kazi. Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni halipo. Mwaka wa kwanza nilikuwa naingia kazini gizani, natoka gizani.

#7 Ng'wana Igoma

Dada, dagaa wanapatikana?

#8 Dada wa Kayenze

Unabeba. Umoja wa Ulaya hawataki nyama wala maziwa kwenye begi la msafiri, lakini samaki wanaruhusu hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Shida ni kuwakaanga. Mara ya kwanza nilifunga mlango wa jikoni nikasahau king'ora cha moshi kiko ukumbini juu ya mlango. Kilipolia jirani wa chini alipanda na ndoo ya maji. Nikamwonjesha. Alimeza mmoja, akashukuru sana, akashuka na ndoo yake.

#9 Jirani wa Kisumu

Watu wa Mwanza salamu. Mimi nauliza tu kama mpita njia: mbona mnaruka bahari na ziwa mnaliacha? Njoo Kisumu, ni maji yale yale. Sangara wenu sisi ni mbuta, dagaa ni omena, sato ni ngege, hautalala njaa ukitafuta jina. Ukitoka asubuhi unapita Sirari, Migori, jioni uko Kibuye sokoni.

#10 Mzee wa Pasiansi

Huyu jirani kanikumbusha mbali. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, kuhamia Kisumu au Kampala lilikuwa jambo la kusubiri meli. MV Victoria ilianza kazi 1961, ikizunguka Mwanza, Bukoba, Port Bell, Kisumu, na kaka yangu alikuwa fundi mitambo bandarini Kisumu kama mtu anavyofanya kazi Igogo na kulala Nyegezi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, akarudi na sanduku moja na cherehani ya mkewe. Aliyemwokoa ni kiwanja ambacho baba alikataa kukiuza.

Kijana, nakusihi: boma la Buhongwa usiliguse. Ongeza kozi mbili juu ya linta ukipata, ukikosa liache na kuku wake.

La pili, usidharau cheti chako mwenyewe. Mwaka 1997 hadi 1999 Ulaya walizuia samaki wa ziwa hili mara zaidi ya moja, salmonela, kipindupindu, mwisho habari za sumu kutumika kuvulia. Nilikuwa na gari la barafu, lilikaa juu ya mawe. Maabara na hao wakaguzi wenye makoti meupe waliongezeka viwandani baada ya hapo. Wewe unajua Mzungu anataka nini kwenye minofu kabla hajaifungua. Penye kiwanda cha chakula chochote, maziwa, kuku, mkate, kazi hiyo ipo.

#11 Wa Biryogo

Naongeza Kigali maana nipo hapa mwaka wa tatu, natoka Sengerema. Kutoka Mwanza ni basi: daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, unapita Geita, Benaco, unavuka Rusumo. Ukivuka rudisha saa nyuma saa moja na kumbuka magari yanapita kulia, mimi siku ya kwanza nilikaribia kugongwa nikitazama upande wa kwetu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kila mtu anafanya usafi wa mtaa, duka unalikuta limefungwa. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, ingawa cha kweli utakisikia huku Nyamirambo na Biryogo.

Mshahara si wa Ulaya. Nachopata kinazidi cha nyumbani kidogo na kodi ya nyumba inakula ile ziada. Ila mwaka jana baba mdogo alifariki, nilipigiwa saa nane mchana, kesho yake nilikuwa makaburini na koleo mkononi. Hilo sijui linawekwa kwenye safu gani ya hesabu.

#12 Fundi wa Deira

Mkuu wa Biryogo umenigusa pabaya. Baba yangu alizikwa Kisesa nikiwa Deira. Pasi ilikuwa ofisini kwa mwajiri, ofisi imefungwa, ni Ijumaa. Nilihudhuria kwa simu. Mjomba alikuwa ameshika, mkono unatetemeka, naona viatu vya watu na mchanga. Chaji ikaisha kabla jeneza halijashuka. Walipochomeka na kunipigia tena watu walikuwa wananawa mikono.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba mwajiri haruhusiwi kisheria kukaa na pasi ya mtu. Ya kwako ishike mwenyewe, hata akikuambia ni kwa usalama wako.

#13 Nyanda wa Misungwi

Pole sana mkuu.

Mwenye uzi, nikuonye na mawakala. Binamu yangu, naye muuguzi, alitoa milioni tatu na laki nne kwa ofisi moja ya ghorofani mjini, bango kubwa, bendera mezani, "tumeagizwa na hospitali za Ujerumani tuwachukue wauguzi 40". Wakamlipisha fomu, vipimo, "uhifadhi wa nafasi". Siku ya kwenda kupewa mikataba walikuta fundi anapaka rangi ile ofisi, mpangaji mpya anaingiza friji za soda.

Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania mwaka 2023 kwenye orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na sheria ya Ujerumani inawakataza mawakala binafsi kuja kuzoa wauguzi kutoka nchi za orodha hiyo. Muuguzi akiomba mwenyewe, kwa mkono wake, hakatazwi. Kwa hiyo wakala akijisifu kwamba ametumwa kukusanya, mjibu kwa heshima na ushuke ngazi. Kwa kazi nyingine za nje kaulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wakala ana leseni kabla hujatoa hata shilingi.

#14 Mkunga Mstaafu

Mmeitaja orodha ya nchi zenye upungufu mkapita haraka kama mnapita kituo cha polisi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31. Usiku tulikuwa wawili kwa akina mama ishirini na kitu. Sasa mnamfundisha wa tatu njia ya kutokea.

#15 Dada wa Kayenze

Shikamoo mama. Hilo sina jibu lake. Nilipoondoka nilikuwa nimejitolea mwaka na nusu bila ajira, nikilipwa nauli ya daladala. Kuna wenzangu hadi leo wako mtaani na vyeti wakati wodi ina wawili. Ningeajiriwa nisingejua neno moja la Kijerumani.

#16 Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo sikulaumu wewe.

#17 Mama Watoto wa Mkaguzi

Hamjambo. Mimi ndiye ile sentensi moja.

Nimeletewa uzi huu na mfanyakazi mwenzangu, ananiuliza "huyu si mumeo?" Kuku wa boma la Buhongwa ndio waliomfichua. Nimesoma wote, zamu ya usiku, nimecheka, na kwa Fundi wa Deira nimefunga simu kidogo.

Nashukuru mmegundua nipo. Nina miaka sita kazini, miwili ya mwisho chumba cha wagonjwa mahututi. Kuhama sijakataa. Nimekataa kuuza kiwanja, na huyu mwanaume anajua, ndiyo maana amekuja kuwauliza ninyi. Dubai peke yake hapana, watoto wangu hawatakuwa na baba wa kwenye simu. Nina mama mwenye presha pale Nyakato na mimi ndiye mtoto wa kike pekee, hivyo kabla ya mji wowote tukae na kaka zangu tuandikiane nani anampeleka kliniki. Mama Mkunga, nimekusikia pia, na usiku wa leo tulikuwa wawili.

Dada wa Kayenze, maswali yangu: A1 naweza kuanza nikiwa hapa hapa? Na watoto wakija nimepata mkataba, wanalipiwa shule?

#18 Dada wa Kayenze

Wifi karibu! Chumba cha mahututi umesema mwisho kabisa, hiyo iandike juu kabisa ya wasifu wako. A1 na A2 soma mtandaoni ukiwa Mwanza, mitihani yenye kutambulika ipo Goethe-Institut Dar, panga likizo mapema. Usiache kazi kabla ya B1. Shule ya serikali huku haina ada, na mkishapata ukaazi kila mtoto ana posho, mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi. Mtoto wa darasa la pili atakuzidi Kijerumani ndani ya miezi sita na atakusahihisha mbele za watu.

Bwana naye asome. Asije akakaa nyumbani anasubiri wewe umsomee barua za bima.

#19 Mkaguzi wa Minofu

MREJESHO, wiki ya tano.

Nimekemewa nyumbani kwa uzi huu kuliko mlivyonikemea hapa. Dubai na Toronto tumezifuta. Kigali tumeiacha kwa penseli, nimeandika barua kwa viwanda viwili vya vyakula huko, tusubiri. Würzburg au Leipzig itategemea hospitali itakayojibu, tumekubaliana mji utafuata mkataba.

Kikao cha kaka zake kimefanyika. Kliniki ya mama imegawanywa, Jumanne ya kwanza ya mwezi imeniangukia mimi nikiwa bado nchini.

Boma halijauzwa. Kwenye ile milioni 14 tumetoa ya kozi ya lugha ya wawili na kozi mbili za tofali, Mzee wa Pasiansi aone.

Swali: hivi kwa nini kwa Kijerumani kijiko ni mwanaume, uma ni mwanamke na kisu hakina jinsia? Mke wangu amebandika karatasi kwenye kila kitu jikoni, jana nimekosea kwenye kisu nikanyimwa kachumbari.

#20 Ng'wana Igoma

Mkuu kile kitabu cha A1 mmekipata wapi hapa mjini? Naulizia rafiki.

#21 Mkaguzi wa Minofu

Njoo Buhongwa Jumapili, nitakutolea nakala. Rafiki aje na wewe.